Mizunguko Michache Inatosha

Kijana wa Lushoto anayetaka kujifunza salsa leo hana haja ya kushuka Mombo na kudandia basi la Dar es Salaam. Anayo simu, anayo bando, na video za walimu wa Havana, New York na Nairobi zimejaa mitandaoni. Akijifungia chumbani jioni mbili tatu atatoka na stepu za msingi, na akikaza buti, mwezi hautaisha kabla hajajua mizunguko mitano au sita: ule wa kupitisha mkono juu ya kichwa, ule wa kumgeuza mwenzake mgongo, ule wa kubadilishana mikono nyuma ya kiuno. Kisha inafika Desemba. Waliohamia mjini wanarudi nyumbani, harusi zinafuatana, MC anatangaza kwamba muziki umefunguliwa, na kijana anamshika mkono binamu yake ili amwoneshe alichojifunza. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Binti anavutwa kushoto, anasukumwa kulia, mkono unasokotwa, na wimbo ukiisha anarudi kitini akijisugua bega. Kijana anaijua mizunguko yote. Kucheza na mtu bado hajui.

Hoja ya makala haya ni kwamba kosa hilo si la uchanga tu, na haliponi kwa kuongeza mizunguko. Mara nyingi mizunguko ndiyo inayolizidisha. Salsa ni dansi ya watu wawili, na kipimo chake kiko kwa yule wa pili. Je, alijua anapelekwa wapi kabla hajapelekwa? Alibaki amesimama kwa miguu yake mwenyewe? Alipata nafasi ya kuusikia muziki, au muda wote alikuwa akijihami? Ambaye mwenzake anajibu ndiyo kwa maswali hayo ni mchezaji mzuri, hata kama anajua mambo matatu tu. Asiyejibiwa hivyo bado ni mwanafunzi, hata kama video zake zinapendwa na maelfu. Na watu wa milima ya Usambara, na wa Tanga kwa jumla, wana mtaji wa kuicheza salsa ya namna hiyo kuliko wanavyodhani, kwa sababu jamaa wa karibu wa muziki huo alikwishafika huku zamani, na dansi iliyochezwa kwa muziki huo ilikuwa na adabu zake.

Tuanze na hesabu, maana ndiko ugomvi wa mkono na bega unakoanzia. Salsa huhesabiwa hadi nane. Anayeongoza hupeleka mguu wa kushoto mbele kwenye moja, huurudisha uzito kwenye mguu wa kulia kwenye mbili, huuleta wa kushoto katikati kwenye tatu, na nne hupita bila hatua. Kisha mguu wa kulia hurudi nyuma kwenye tano, uzito hubadilika kwenye sita, miguu hukutana kwenye saba, na nane nayo hupita. Anayefuata hufanya hayo hayo kinyume chake: huanza kwa mguu wa kulia kurudi nyuma. (Wako wanaovunja hatua kwenye mbili, kwa mtindo ulioenezwa New York na mwalimu Eddie Torres. Ubishi wa wapenzi wa salsa juu ya moja na mbili hauna mwisho, tuwaachie wenyewe.) Wimbo wa kasi ya wastani una mapigo kama 180 kwa dakika, yaani kila hatua imepewa theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo hakuna binadamu anayeweza kuvutwa mkono, akafikiri anatakiwa wapi, akaamua na akafika. Ndiyo maana ishara hutangulia. Ukitaka mwenzio azunguke kulia kwenye tano, sita, saba, mkono wako unaanza kupanda tangu kwenye tatu, na ile nne ambayo wanafunzi huidhania ni pumziko tupu ndiyo inayompa nafasi ya kujiandaa. Mkono ukipanda kwenye tano, mwenzio ameshachelewa bila kosa lake. Na kijana wetu, akiona amechelewa, humwongezea nguvu.

Mkono wenyewe una elimu yake. Anayeongoza hashiki, anatoa mahali pa kushikwa. Vidole viwili au vitatu vimekunjwa kidogo, dole gumba limeachia, na vidole vya mwenzake vinazunguka humo bila kukwama. Dole gumba likibana mgongo wa kiganja, kifundo cha mkono kinakosa pa kwenda, na msokoto wote unapanda kwenye kiwiko na bega. Mkono unapita juu ya utosi wa anayezunguka, si mbele ya uso wake, wala haumvuti nje ya mahali aliposimama. Anayefuata naye ana wajibu. Mkono wake usiwe umelala, wala usikakamae; uwe na ukinzani kidogo, ili ukiguswa, mwili mzima upate habari. Asimwegemee mwenzake. Na asikisie. Kukisia ni maradhi ya wafuataji hodari: wameuona mzunguko huo mara nyingi mno, na mkono ukiinuka tu wameshazunguka, kumbe aliyeinua alikusudia jambo jingine kabisa.

Kwa mazingira ya Lushoto liko jingine ambalo video za ng'ambo hazilisemi, nalo ni sakafu. Studio za salsa hutandikwa mbao, na wachezaji wake huvaa viatu vyenye soli ya ngozi inayoteleza kidogo. Huku mtu hucheza kwenye saruji, mara nyingi saruji ya kukwaruza, akiwa na raba zinazong'ang'ania chini. Mguu uliong'ang'ania huku mwili ukizunguka humaliza msokoto wake kwenye goti. Dawa si kuagiza viatu. Dawa ni kuzunguka kwa kupiga hatua, moja, mbili, tatu, kila hatua ikinyanyua mguu na kuuweka mwili ulikogeukia, badala ya kujisokota juu ya mguu mmoja kama wanavyofanya wale wa kwenye mbao. Mji uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, na jioni za Juni na Julai baridi yake haina utani. Misuli ambayo haijapashwa moto haipendi mizunguko ya ghafla. Hatua ziwe fupi, miguu ibaki chini ya mwili. Mwenye hatua ndefu huchelewa daima, na akichelewa yeye wanachelewa wawili.

Lakini hesabu na mikono ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni sikio, na hapa ndipo watu wa huku wanapoanza safari wakiwa mbele. Muziki wa Kikuba uliokuwa mama wa salsa hushikiliwa na vijiti viwili vya mbao vinavyogonganishwa, klave. Mtu anaweza kuupata mpigo wake sasa hivi kwa makofi. Hesabu hadi nane polepole: kofi kwenye moja, kofi katikati ya mbili na tatu, kofi kwenye nne, kimya kwenye tano, kofi kwenye sita, kofi kwenye saba. Makofi matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili. Nyimbo nyingine huanza na yale mawili. Sikiliza sasa konga: hulia kwa sauti ya wazi mara mbili kila hesabu inapofikia nne na nane, pale pale ambapo miguu imenyamaza. Kwa hiyo mapumziko ya mchezaji si utupu. Ni zamu ya ngoma kusema, na mchezaji anayejaza kila upenyo kwa madoido huwa amemkatiza mwenzake na mpiga konga kwa pamoja.

Mtu aliyekulia kwenye sauti za dansi la Tanzania ameusikia mpigo huo, au ndugu yake wa karibu, tangu utotoni. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza, ile ya nembo ya mbwa na gramafoni, ilitoa mfululizo wa GV uliobeba nyimbo za Kikuba kwa soko la Afrika. Miongoni mwake ulikuwemo El Manisero, wimbo wa muuza karanga uliorekodiwa New York mwaka 1930 na okestra ya Don Azpiazu. Santuri ziliandikwa rumba ingawa kwa haki muziki ule ulikuwa son, na jina likanata. Kongo waliuchukua wakaujenga upya kwa magitaa. Ndiyo rumba ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, miaka mitano baada ya ile ya Kuba. Morogoro, Salum Abdallah alizipenda santuri za Kikuba kiasi kwamba bendi yake iliitwa Cuban Marimba. Tanga mjini ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ni kwenye Jamhuri Jazz walikopitia ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Nairobi walikoanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Nyimbo za ukoo huo wa Wanyika hadi leo hazikosi kwenye mabasi ya Tanga na kwenye harusi za milimani. Salsa yenyewe, kwa jina hilo, ni zao la Wapuerto Riko na Wakuba wa New York wa miaka ya 1960 na 1970, nyumba yao kuu ikiwa kampuni ya Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964. Septemba 1974 Fania All Stars, wakiwa na Celia Cruz, walipiga Kinshasa kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Walipokewa kama watu waliorudi nyumbani, na haikushangaza.

Linalonihusu zaidi katika historia hiyo ni namna watu walivyocheza. Bendi za Tanzania kila moja ilikuwa na mtindo wake wa kucheza, wenye jina lake: Msondo wa NUTA, Sikinde ya Mlimani Park, Saboso ya Western Jazz, Segere Matata ya Tabora. Orchestra Maquis, waliotoka Zaire na kuweka makazi Dar es Salaam miaka ya 1970, walinadi mtindo wao kwa maneno matatu: Kamanyola bila jasho. Ni tangazo la biashara, najua, lakini bendi haiwezi kutangaza kitu ambacho mashabiki wake hawakitaki. Waliolipa kiingilio walikuwa wamevaa, wamejipulizia manukato, na usiku ulikuwa mrefu. Sifa ilikuwa kucheza saa nne mfululizo na kubaki nadhifu, mwenzako naye akibaki nadhifu. Mcheza rumba aliyekomaa husogea kidogo sana. Anamwacha mwimbaji amalize ubeti, anangoja magitaa yachangamke ndipo naye achangamke. Mzee wa aina hiyo akiwekwa mbele ya salsa, atakosea hesabu ya miguu kwa nusu saa ya kwanza, lakini hatamvunja mtu bega. Kijana wa video angefanya vyema kumwomba mafunzo kabla hajapakua mzunguko wa saba.

Hapa yanakuja mapingamizi, na la kwanza lina heshima yake. Desemba 1962, akiwa ndiyo kwanza ameanza urais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alisikitika hadharani kwamba wasomi waliona fahari kujua rumba, chachacha, waltz na foxtrot, huku wengi wao hawajapata hata kusikia gombesugu, kiduo au lelemama. Akaunda wizara ya utamaduni kurekebisha hali hiyo. Je, salsa Lushoto si kurudia ugonjwa ule ule? Ingekuwa hivyo kama salsa ingechukua nafasi ya mdumange, ngoma ya Wasambaa. Lakini hotuba ile haikufunga mlango wa kujifunza kwa wengine. Ilimkemea anayejifunza ya wengine kwa kuyaonea haya ya kwao. Na historia iliyofuata inaonesha jinsi mpaka wa kigeni na chetu unavyochorwa kwa mkono unaotetema. Mwaka 1969 viongozi wa mkoa wa Pwani, uliokuwa na Dar es Salaam ndani yake, walipiga marufuku muziki wa soul wa Wamarekani Weusi. Miaka hiyo hiyo bendi za rumba, muziki wenye damu ya Kikuba na Kikongo, zililelewa na chama cha wafanyakazi, na baadaye na jeshi, polisi na mashirika ya umma, zikaitwa muziki wa taifa bila mtu kuuliza cheti cha kuzaliwa. Aliyekuzwa na ngoma ya kijijini amefundishwa kuisikia ngoma kabla ya kuinua mguu na kwenda sawa na walio pembeni yake. Hayo ndiyo salsa inayoyadai. Anayeupoteza msingi huo ndiye atakayecheza vibaya vyote viwili.

Pingamizi la pili ni la staha, na kwa mji kama Lushoto, wenye Waislamu wengi na ambao pia ni makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, haliwezi kupuuzwa. Mwanamume kumshika mwanamke asiye wake hadharani kwa wengine ni jambo lisilo na mjadala, na kuwabembeleza wabadili imani kwa ajili ya dansi ni utovu wa adabu. Lakini kati ya kukataa kabisa na kukumbatiana pana nafasi kubwa. Salsa nyingi huchezwa kwa vidole tu, miili ikiwa mbali kwa urefu wa mkono. Mke hucheza na mumewe, dada na kaka, wanawake kwa wanawake, na hakuna hesabu inayoharibika. Zaidi ya hapo, malalamiko mengi ya staha ukiyachunguza yanamhusu mtu fulani na mwenendo wake: anayevuta karibu asipoombwa, anayeng'ang'ania wimbo wa pili na wa tatu, anayegeuza hapana kuwa mzaha. Huyo ni mchezaji mbaya kwa kipimo kile kile cha makala haya, kwa kuwa hasikii. Anayeombwa kucheza ana haki ya kukataa bila kutoa sababu, na aliyekataliwa hutabasamu akaenda zake. Anayecheza anapoona uso wa mwenzake umekunjamana hurudi kwenye stepu ya msingi na kubaki hapo hadi wimbo uishe. Hakuna aibu yoyote katika wimbo mzima wa stepu ya msingi iliyokaa kwenye mapigo.

Wako pia wanaosema kwamba kuongoza na kufuata ni kumrudisha mwanamke nyuma. Ningewaelewa kama kufuata kungekuwa kutii. Anayefuata hutafsiri ishara ndani ya theluthi ya sekunde, huchagua ukubwa wa hatua, hujaza mapumziko kwa bega au kiuno akipenda, na akichelewa makusudi anayeongoza analazimika kumngoja. Isitoshe, mgawo wa kazi si wa jinsia. Mwanamke anaweza kuongoza, na mwanamume aliyewahi kufuata kwa wiki chache hujifunza upesi kuliko yeyote jinsi dole gumba linavyouma.

Sasa lile la kutokuwa na mwalimu. Hili ni la kweli, na jibu lake haliwezi kuwa video nyingine. Wakuba wenyewe walikwishalitatua katika vilabu vya Havana vya miaka ya 1950 kwa rueda de casino: jozi kadhaa husimama duara, mmoja huita jina la mzunguko, wote huufanya kwa pamoja, na kwa mwito mwingine kila anayeongoza huhamia kwa mwenzi wa jirani. Mtu yeyote wa huku ataitambua sura hiyo mara moja, duara na mwitaji na watu wakiitikia kwa miguu. Faida yake kwa kikundi kisicho na mwalimu ni kubwa. Ukicheza na mtu mmoja mwaka mzima mnazoeana makosa. Yeye anakisia, wewe unafikiri unaongoza. Duara linakuletea watu sita ndani ya wimbo mmoja, mrefu na mfupi, mwepesi na mzito, anayejua na asiyejua, na ishara ambayo haieleweki kwa wanne kati ya sita ina kasoro kwako. Lushoto ina watu wa kuanzia duara kama hilo: Chuo cha Uongozi wa Mahakama peke yake hukusanya vijana wa kila mkoa, na ukumbi wa mikutano ukishaondolewa viti ni ukumbi wa dansi. Simu nayo ina kazi hapo, lakini ya kurekodi. Iegemezwe ukutani ichukue wimbo mzima, kisha watu waitazame miguu yao na nyuso za wenzao.

Wa mwisho ni MC, na watazamaji anaowawakilisha, wanaotaka vituko. Kwa nini mtu ajifunze kucheza kwa utulivu ilhali anayetunzwa noti ni yule anayemrusha mwenzake hewani? Kwa sababu hizo ni kazi mbili. Salsa ya jukwaani hufanyiwa mazoezi ya miezi na watu wale wale, kila mmoja akijua linalofuata. Hakuna anayeongozwa pale, wote wanakumbuka. Ni sanaa kamili na inastahili noti zake. Kosa ni kuichukua na kuitumia kwa shangazi wa bwana harusi, aliyesimama dakika hii hii na hajui kitu. Kwa shangazi inatosha stepu ya msingi, mzunguko mmoja wa kulia uliotangazwa mapema, na kubadilishana nafasi mara moja moja, ukianza na wimbo wa polepole ambao anaujua maneno. Akisimama tena kwa wimbo wa pili bila kuombwa, ongeza wa kushoto.